Hekta 5 za Kipushi: niuzishe parseli ya Katuba tuhamie?

Jambo Yaya. Niko na miaka 46, bibi na watoto watano, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Kuna mtu anatuuzisha hekta 5 kwenye teritwari ya Kipushi, ni lisaa moja na nusu na moto (pikipiki). Tulienda kuona mwezi wa tatu, majani yamesimama, kamto kanapita kule chini, chef wa kijiji akatupokea muzuri na karatasi iko na stempu yake. Nataka niuzishe parseli tuhamie kabisa, tulime mahindi, tufuge kuku na mbuzi, tuachane na kununua kila kitu sokoni. Bibi anakatala. Unaonaje, ile fasi inafaa? — Baba Mapasa, Katuba

Papa Mapasa, jambo sana. Mimi niko upande wa bibi, kwa sasa.

Mwezi wa tatu hakuna fasi mbaya Katanga nzima. Mvua inakuwa imenyesha toka mwezi wa kumi na moja, hata jiwe linaota majani, na muuzaji mwenye akili anakupeleka shambani saa ile ile. Mimi mwenyewe nilinunua hekta 2 mwezi wa tano, kando ya dembo (bonde la majimaji), nikasema maji ninayo mpaka kufa, kumbe mwezi wa kumi ile dembo ikapasuka kama kisigino cha mzee na watoto wakawa wanasukuma kinga (baiskeli) na mabido ya maji asubuhi na mangaribi, masomo ikabaki pembeni. Basi rudi pale mwezi wa kumi, na siyo kutembea tu, ulale siku mbili tatu, uone kama hako kamto kangali kanapita, na uulize wamama (siyo chef!) wanachota wapi na wanaamka saa ngapi. Kama wanaamka saa kumi za usiku, bei ya foraji (kisima cha kuchimba na mashini) uitie ndani ya bei ya shamba. Mwezi wa saba pia ulale usiku mmoja, baridi inashuka chini ya digri 10 na inatulia kule mabondeni, nyanya zinaungua utafikiri umezimwagia maji ya moto.

Udongo, angalia miti. Kama wachoma makala walipita usitishike sana, visiki vya miombo vinachipuka tena. Cha kuogopa ni kipande kilicho wazi bila mti hata moja, majani mafupi tu na yale maua ya zambarau wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense, sisi tunasema ua la shaba. Pale shaba imejaa kwenye udongo, mahindi inatoka njano halafu inakufa, mbolea yako utaitupa bure, na wachimbaji nao wanalijua lile ua kukupita weye. Vichuguu vikubwa navyo visikuudhi, ule udongo wa mchwa una chokaa kuliko huu mwekundu wa pembeni, wenyeji wanapanda mboga juu yake na wanafyatua matofali, nyumba yako itatoka mule.

Sasa karatasi. Stempu ya chef ni ya lazima maana bila yeye hautalala pale kwa amani, lakini siyo yeye anakupa udongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, weye unapewa konsesio (haki ya kuutumia), Mkongomani anaweza kupata ya milele, ile ya kawaida ni miaka 25 na inaongezwa, na kinachokulinda ni setifika ya kuandikisha, ile inatoka kwa konservateri, mkubwa wa ofisi ya hati za udongo. Tena shamba la kijijini halitolewi mpaka uchunguzi ufanyike kwanza, kujua nani tayari ana haki pale. Uliuliza ile mihogo iliyo kwenye mpaka ni ya nani?

Halafu kuna kitu watu wa mjini wanasahau, na Kipushi siyo fasi ya kukisahau: chini ya shamba ni mali ya Serikali, hata ukiwa na setifika. Kadastre ya madini, ile ofisi ya vibali vya kuchimba, imegawa nchi kwa viboksi, kimoja karibu hekta 85, maana yake hekta zako 5 zinaingia mara kumi na saba ndani ya kiboksi kimoja ambacho pengine kina mwenyewe tangu zamani. Akija, sheria inasema akulipe. Akulipe, ndiyo, lakini mahindi yako imekwisha kulala chini. Nenda uulize kule Kadastre mbele ya kutoa hata avansi.

Na haukuandika bibi anakatalia nini. Nadhani ni mtoto mwenye malaria usiku wa mwezi wa pili, moto imezama kwenye matope. Hesabu dispansari iko wapi, masomo (shule) iko wapi, na nani kijijini ana chanjo ya kuku ya kideri, maana ile inataka friji na pale pengine hata reseau ya simu hakuna.

Usiuzishe parseli. Ukipata majibu mazuri ipangishe upande moja, mulime masika moja tu, mbegu mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, muvune mwezi wa ine au wa tano, mwisho wa juma munarudi Katuba. Na ile safari ya mwezi wa kumi uende naye, maana bido ni yeye ataibeba.