Mtoto Hajifunzi Barabara Akiwa Kiti cha Nyuma

Binti yangu alikuwa na miaka saba siku aliponivuta mkono kunirudisha nyuma. Tulikuwa tumefika kwenye mlango wa maegesho, pale ambapo magari yanayotoka hukatiza njia ya waenda kwa miguu, na mimi nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. "Mama, taa nyeupe," akasema. Gari lililokuwa limeegeshwa hatua chache mbele yetu lilikuwa limewasha taa za kurudi nyuma. Likatoka kinyumenyume na kupita pale pale ambapo mguu wangu ungekuwa. Dereva hakutuona, na sidhani kama angeweza kutuona, maana pembeni yake palikuwa na gari kubwa zaidi lililomziba.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile, mtoto huyo huyo hakujua kama taa nyeupe za nyuma zina maana yoyote. Angejuaje? Tangu chekechea nilimpeleka shule kwa gari kila asubuhi, amefungwa mkanda, akitazama kisogo changu. Barabara kwake ilikuwa kitu kinachopita dirishani. Nilidhani namlinda, na kwa muda ule wa safari kweli nilimlinda, lakini sikuwa nimemfundisha hata hatua moja ya jambo ambalo siku moja atalazimika kulifanya bila mimi. Kama shule ya mwanao iko umbali wa kutembea na bado unampeleka kwa gari, naomba unisikilize kidogo.

Kwetu ni kilomita 1.2 kutoka mlangoni hadi lango la shule. Kwa gari ilikuwa dakika 15, nyingi zikiliwa na foleni ya langoni na kutafuta pa kusimama. Tulipoanza kutembea tulitumia dakika 25. Nilipoziweka hesabu hizo mbili pamoja niliumia moyoni, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nikifoka kila asubuhi, "vaa viatu, ingia garini, tumechelewa," kwa ajili ya dakika kumi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupanga safari kwa miguu yangu. Mtu mzima hutembea kilomita 5 hivi kwa saa. Mtoto wa miaka mitano, pamoja na kusimama kwake kote, hafiki 3. Kwa hiyo wiki ya kwanza nilikuwa namkokota, naye analia, na nilikaribia kurudi kwenye gari. Pima njia siku ya mapumziko, ukiwa naye, bila haraka, mwache asimame anapotaka kusimama. Muda utakaoupata hapo ndio muda wa kweli. Kisha ongeza dakika tano. Sisi tunaziita dakika za mtoto, nazo ni zake: za siafu wanaovuka njia, za kuokota jiwe, za kuruka kidimbwi kisha kurudi kukiruka tena. Dakika hizo zikishatengwa, hazikuudhi.

Na asubuhi njema huandaliwa usiku. Begi liwe limefungwa, sare imetundikwa, viatu viko mlangoni vyote viwili. Hapo sina la kuongeza.

Kuhusu begi lenyewe, lichukue mkononi ulipime. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto, maana yake mtoto wa kilo 20 akibeba kilo 2 yuko salama na kilo 4 ndiyo mwisho. La binti yangu lilikuwa na vitabu vya siku ambazo hazikuwa za leo. Tukaviondoa.

Sasa nije kwenye barabara, maana ndiko kwenye kazi kubwa.

Mtoto mdogo si mtu mzima mfupi. Mtafiti wa Sweden, Stina Sandels, aliliandika hilo tangu miaka ya 1960: watoto wadogo hawana bado uwezo wa kuyamudu magari, hata wafundishwe sheria kwa kukariri. Macho ya mtoto wa miaka sita yako kama mita moja tu kutoka ardhini, kwa hiyo wewe unapoona juu ya gari lililoegeshwa, yeye anaona mlango wa gari. Akimtazama rafiki ng'ambo ya pili, anamwona rafiki tu. Zaidi ya yote, kupima kasi ya kitu kinachokuja moja kwa moja usoni ni kazi ngumu kwa macho yake. Gari la mbali linaonekana kama limesimama, kisha ghafla liko hapa.

Nami nilikuwa nikimwambia "angalia kulia na kushoto" nikidhani nimemaliza. Alikuwa akigeuza shingo pande zote kwa utiifu mkubwa, halafu anavuka. Aligeuza shingo bila kuona chochote. Nilitambua hilo siku nilipomuuliza, "Umeona nini?" akanijibu, "Sijui."

Kuanzia hapo tukabadili utaratibu. Kwa miezi ya kwanza mimi ndiye niliyesema, kwa sauti, kila kinachopita kichwani mwangu pale ukingoni: "Naona gari jeupe. Liko mbali lakini linakuja kwa kasi. Nasubiri. Nasikia pikipiki ila siioni, bado nasubiri. Sasa hakuna kitu upande huu, na upande ule hakuna kitu. Tunakwenda, na bado natazama." Wapita njia walikuwa wakinigeukia. Nilizoea.

Baadaye zamu ikawa yake ya kusema, na uamuzi ukabaki wangu. Alikosea mara nyingi. Alipenda kusema "sasa!" mapema mno. Sikumfokea. Tulibaki pale pale ukingoni, tukahesabu sekunde mpaka gari lile lifike mbele yetu: moja, mbili, tatu, nne, vuu! Kisha siku barabara ilipokuwa tupu tukahesabu muda wetu wenyewe wa kuvuka. Mtaa ule una upana wa mita 6 hivi, na kwa hatua zake ulituchukua sekunde 7. Nne haitoshi kwa saba. Hesabu hiyo aliielewa mara moja, yeye ambaye maneno yangu yote ya "kuwa mwangalifu" yalikuwa yakipita juu ya kichwa chake.

Fanya hesabu hiyo na wewe. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ndani ya sekunde 7 limekwisha kwenda karibu mita 100, kama urefu wa uwanja wa mpira. Likiwa kwenye kilomita 30 kwa saa hukata mita 8 na kidogo kwa sekunde. Pia dereva huhitaji muda wa kukuona na kupeleka mguu kwenye breki kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Ndiyo sababu Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la mkutano wa dunia kuhusu usalama barabarani, lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Nayaandika hayo nikijua yanatisha. Hofu hiyo ndiyo inayotufanya tuwaweke watoto garini, na naielewa. Lakini kila mzazi anayeyaogopa magari ya langoni huongeza gari jingine langoni. Nchini Marekani, mwaka 1969 karibu asilimia 48 ya watoto wa shule wa miaka 5 hadi 14 walikuwa wakienda kwa miguu au baiskeli. Kufikia 2009 ilikuwa asilimia 13.

Mambo machache ya barabarani niliyoyapata kwa kuyapitia. Mtu mzima akae upande wa magari, mtoto upande wa ndani, na umshike kifundo cha mkono badala ya vidole, kwa sababu vidole vyenye jasho huteleza. Ukisukuma kigari cha mtoto mchanga, kumbuka kinakutangulia. Ukisogea ukingoni ili uone, mtoto tayari yuko barabarani. Simama nyuma zaidi ya ulivyozoea. Mtafutie mwanao mahali pa kuvukia ambapo hakuna magari yaliyoegeshwa, hata kama mtazunguka.

Na jihadhari na dereva mwema. Namaanisha yule anayesimama na kukupungia mkono upite. Moyo wake ni mzuri, ila gari lake limeziba upande wa pili, na pikipiki inayompita haikuoni wala wewe huioni. Hata kwenye alama za pundamilia mambo ni hayo hayo. Tunamshukuru, tunasogea mpaka mwisho wa boneti yake, tunasimama, tunachungulia, ndipo tunamaliza. Binti yangu sasa hufanya hivyo bila kuambiwa.

Simu yangu hukaa ndani ya mkoba, zipu imefungwa. Tangu siku ya taa nyeupe haijatoka.

Watu hunitajia afya wanaponiona natembea na watoto, na ni kweli, Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili. Kwenda na kurudi kwetu kunakaribia dakika hizo, ingawa kujikongoja nyuma ya siafu sikuhesabu; nahesabu pale wanapokimbizana mpaka kwenye mti. Safari fupi za gari nazo ndizo chafu kwa hewa kuliko urefu wake unavyoonyesha, kwa sababu injini baridi hutoa moshi mbaya zaidi na kifaa cha kuusafisha hakifanyi kazi vizuri mpaka kipate moto. Unafika shuleni kabla hakijapata.

Lakini niseme ukweli wangu, kilichonibakiza barabarani ni maongezi. Nikiwa kwenye usukani nilikuwa namuuliza binti yangu, "Shule ilikuwaje leo?" naye ananijibu, "Nzuri." Kila siku nzuri. Tulipoanza kutembea niligundua kwamba hasemi chochote mwanzoni. Tunatoka langoni kimya, tunapita kona ya kwanza kimya, na mahali fulani baada ya hapo, akiwa ananyata juu ya ukingo wa njia kama anayepita kwenye kamba, anaanza. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kwa wiki tatu alikuwa akikaa peke yake wakati wa mapumziko kwa sababu wenzake wawili walimkataza kucheza nao. Hakuniangalia alipokuwa akisema. Nadhani ndiyo sababu aliweza kusema. Ushauri wangu hapa ni mwepisi kuuandika na mgumu kuufuata: msiulizane chochote dakika tano za kwanza. Mshike mkono, nyamaza, tembea.

Kuna shule zilizo mbali, na kuna barabara zisizo na njia ya pembeni ambako magari hupita kwa kasi isiyovumilika. Sitakuambia utembee huko na mtoto. Egesha gari mahali salama, nusu kilomita kabla ya shule, mmalizie kwa miguu. Faida nyingi nilizozitaja zinapatikana humo, na foleni ya langoni inapungua kwa gari moja. Kama tatizo ni muda wako wa kazini, tafuta wazazi wenzako. Huko Japani watoto wa shule za msingi huenda kwa makundi, wakubwa wakiwaongoza wadogo. Huko Australia, katika miaka ya 1990, David Engwicht alileta wazo la basi la miguu: mtu mzima mmoja au wawili wanapita njia maalumu kwa saa maalumu, wakiwachukua watoto kituo kwa kituo, ila basi lenyewe ni watoto. Italia wanaliita piedibus. Sisi ni wazazi watatu na watoto watano, kila mmoja ana siku zake, na siku ambazo si zangu nafika kazini mapema. Tulikubaliana kitu kimoja kabla ya kuanza, kwamba sote tutavuka mahali pale pale kwa utaratibu ule ule, maana mtoto akiona mtu mzima mmoja anakatiza kati ya magari, mafunzo ya mwaka mzima yamekwenda.

Na siku ya homa, au mvua ya kutisha, tunapanda gari. Hilo halihitaji kutetewa.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Katika kipande cha njia kisicho na pa kuvuka namruhusu anitangulie hatua ishirini, na kwenye mtaa mdogo yeye ndiye anayeamua, mimi niko nyuma yake kimya. Kwenye barabara kubwa bado namshika, na nitaendelea kumshika mpaka nione yuko tayari.

Mdogo wake ana miaka sita na yuko kwenye hatua ya kusema. Yeye ana tabia tofauti na dada yake. Dada alikuwa na haraka ya "sasa"; huyu hasemi kingine ila "bado". Juzi asubuhi tulisimama ukingoni, likapita gari moja, likapita jingine, kisha barabara ikabaki tupu pande zote mbili. "Bado," akasema. Nikamuuliza anaona nini. Akanionyesha, mbali sana kule kwenye kona, baiskeli. Dada yake alinitazama, kengele ya shule ikaanza kulia, nasi watatu tukaendelea kusimama tukiisubiri ile baiskeli ipite.