Binti yangu anataka kusomea uzee, nitoe ada?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mstaafu, miaka 66, naishi Tandika. Binti yangu kamaliza digrii ya afya ya jamii, sasa anataka masters, eti atafiti wazee, "kuzeeka kwa afya". Nikamwambia wenzako wako kwenye malaria na UKIMWI ndo kwenye miradi na magari, wewe unafuata watu wanaoondoka? Uzee una dawa kweli? Nishauri kabla sijatoa hela.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nimecheka kidogo, umeandika "wazee" kama vile wewe haumo, wakati serikali ilishakuhesabu huko tangu ulipogonga 60.

Dawa ya uzee hakuna, na binti wala hajasema anaitafuta. Anachotaka kujua ni kwa nini mzee mmoja wa miaka 80 anajiendea mwenyewe msikitini alfajiri na mwingine wa 68 hanyanyuki kwenye kochi mpaka avutwe mkono. Kuna daktari Marekani, Linda Fried, miaka na miaka ya kazi yake kaiweka hapohapo. Mwaka 2001 yeye na wenzake wakatoa kipimo cha vitu vitano: uzito kupungua bila kukusudia, kuchoka choka, mkono kukosa nguvu ya kukamata, mwendo kuwa wa polepole, na kutojishughulisha tena. Ukiwa navyo vitatu kwenda juu unahesabiwa umedhoofika, yaani ukianguka bafuni au ukilazwa siku chache tu, kurudi kama zamani ni kazi.

Utaona ni vitu vidogo, ila fikiria daladala hapo Tandika, konda anagonga bodi, twende twende, gari halijasimama vizuri na wewe ushike bomba, uinue mguu, ujivute. Umeshapimwa mkono na miguu hapo. Mzee akishindwa mara mbili tatu haendi tena mjini, anashinda ndani, na akishinda ndani ndo anazidi kuisha.

Nilichokipenda zaidi ni Experience Corps, mradi ambao Fried alishiriki kuuanzisha. Kule Baltimore wazee wa miaka 60 na zaidi waliingia shule za msingi masaa 15 kwa wiki kusaidia watoto kusoma. Mtoto anafaidi, na mzee anatembea, anapanda ngazi, anaumiza kichwa, anapata watu wa kupiga nao stori, mazoezi ambayo hakuna aliyeyaita mazoezi (ukimwambia mzee wa Kiswahili akakimbie Coco Beach atakuuliza anamkimbia nani).

Kuhusu ajira sikudanganyi, gari la mradi sidhani kama litakuja mapema. Ila Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 mpaka 2030 kwa jambo hilihili, na sisi sera ya wazee tunayo tangu 2003, sasa watu wa kuifanyia utafiti watoke wapi kama kila baba anazuia ada?

Toa hela mzee. Na kabla hajaanza chuo mwambie akupime mwendo hapo uani, mita nne na nusu zinatosha, ila usikaze miguu kisa anakuangalia.