Maswali yenu: Nimetoka grupu la kupungua, sasa nakulaje?

Wiki iliyopita niliandika kuhusu haya magrupu ya kupungua, yale ya kulipia, kochi anakupa ratiba, kila Jumatatu asubuhi unapanda mzani unapiga picha namba inarushwa kwenye grupu watu mia mbili waione, nikasema kama umekaa humo na sasa unaogopa chakula basi toka. Meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, nimechagua hizi. Ila kwanza niwajibu kwa pamoja nyie mlioandika "nimetoka, naomba dayati nyingine ya kupungua haraka". Sina, na sitatoa. Someni tena kile nilichoandika kabla ya kutuma hilo swali, manake linachosha na linaniumiza roho.

Nilikuwa sili wanga kabisa. Nimetoka, wiki ya kwanza tu ya kula wali nimeongezeka kilo mbili na nusu. Nimeharibu kila kitu? (Tabata)

Hujaharibu kitu. Mwili unatunza akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya hiyo akiba inakaa na maji kama gramu tatu. Ukikata wanga akiba inaisha, maji yanatoka, ndo zile kilo za wiki ya kwanza ambazo kochi alizipigia makofi akaziweka kwenye tangazo. Ukirudi kula wali maji yanarudi mahali pake. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa ni kalori kama 7,700, kwa hiyo kuongeza kilo mbili na nusu za mafuta kwa siku saba ingebidi ule kalori 19,000 na zaidi JUU ya zile unazotumia kila siku. Hujala hivyo. Na nyie wengine mkiona tangazo la "kilo nne kwa wiki moja" mjue sehemu kubwa ya mnachouziwa hapo ni maji.

Mchana najitahidi, sili kitu mpaka saa kumi jioni. Usiku watoto wakilala najikuta jikoni nafakamia, mkate, kiporo, karanga za wageni, mpaka tumbo linauma, halafu nalia. Kochi alisema sina nidhamu. Nitaipataje? (Mama, Morogoro)

Dada yangu, mtu anayepikia familia nzima chai na chakula cha mchana bila kuonja mpaka saa kumi, nidhamu anayo ya kupitiliza. Wewe una njaa. Basi.

Ngoja nikupe stori moja ya kweli. Mwaka 1944 na 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti anaitwa Ancel Keys alichukua vijana 36 wanaume, wazima wa mwili na akili, waliojitolea, akawalisha kwa miezi sita chakula cha kama kalori 1,600 kwa siku, walipungua karibu robo ya uzito wao. Sasa sikia kilichowapata: walikuwa wanawaza chakula kutwa, wanakiota, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi wakati hapo mwanzo hata habari ya jiko hawakuwa nayo, wakawa na hasira, huzuni, baridi muda wote, na waliporuhusiwa kula wapo waliokula mpaka wakaugua na bado wanasema njaa haijaisha. Hakuna aliyesema wale vijana hawana nidhamu. Na hiyo ilikuwa 1,600! Ratiba za magrupu ninazoletewa hapa na wasomaji ni za kalori 1,000, 1,200, kwa mama anayenyonyesha, anayefua, anayepanda daladala mbili kwenda kazini.

Kwa hiyo usiku usipambane nao, anza na asubuhi. Kesho kabla ya saa mbili uwe umekula, chai ya maziwa na viazi vitamu au mihogo, ukipata yai weka yai. Saa saba mchana kula chakula kamili, ugali au wali, maharage au dagaa, mboga, sahani ya kushiba kama unavyompakulia mumeo. Saa kumi tunda na karanga kidogo. Usiku kaa na watoto wako mle pamoja, sio wao wanakula wewe unazunguka na mwiko. Usitegemee njaa itulie kwa siku mbili, inaweza kuchukua wiki kadhaa, mwili haujaamini bado kwamba chakula kipo. Na siku ukifakamia tena (itatokea) kesho yake asubuhi kula kama kawaida, usishinde na njaa ili ufidie, manake ukifidia tu usiku unarudi palepale jikoni.

Ila kama inatokea kila wiki, imeshapita miezi mitatu, na ukianza huwezi kujizuia, huo ni ugonjwa unaotambulika, una jina na una matibabu. Nenda hospitali ukaseme hivihivi ulivyoniandikia mimi, usipunguze neno kwa aibu.

Ugali usiku unanenepesha? (wengi)

Hapana. Ugali wa saa mbili usiku ni uleule wa saa saba mchana. Nimelijibu hili mwaka jana, nimelijibu mwezi wa tatu, nimelijibu leo, tafadhalini.

Kochi alikuwa anatuuzia chai ya kupunguza tumbo. Nimeiacha wiki mbili, sasa sipati choo, tumbo limejaa. Niirudie kidogo? (Mbagala)

Usiirudie. Nyingi ya hizo chai ndani yake kuna sanamaki, ile dawa ya kuharisha ambayo bibi zetu waliijua na waliitumia kwa siku moja mbili mtu akifunga choo, hawakuinywa kila siku miezi mitatu. Kazi yake inafanyika kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko mwili umeshachukua karibu nguvu yote kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo unachotoa ni maji na chumvichumvi, mafuta yako yapo palepale. Hatari iko hapo kwenye chumvichumvi. Ukipoteza potasiamu nyingi misuli inalegea na moyo unaweza kwenda mrama, na hilo la moyo sio la kujaribia nyumbani.

Kwa sasa ongeza maji, ugali wa dona badala ya sembe, maharage, mboga za majani, papai, tembea kidogo kila siku, na ongeza taratibu usije ukajaza gesi. Kukaa kidogo tumbo limevimba ni kawaida kwa mtu aliyeacha hizo chai, utumbo unajifunza upya. Ila ukiwa na maumivu makali, kutapika, damu kwenye choo, au moyo kudunda ovyo, usisubiri.

Halafu hili hukuuliza ila nalisema. Kuna dawa inaitwa sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ilionekana kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na mpaka leo wakaguzi wa dawa duniani wanaikuta imefichwa kwenye vidonge na kahawa za kupungua zilizoandikwa "asilia". Kitu kikikukata hamu ya kula siku nzima, mdomo ukauka na moyo ukaenda mbio, hayo sio majani ya kawaida. Kwa Tanzania bidhaa yoyote inayodai kutibu au kupunguza mwili ulizia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama imesajiliwa, na kama anayekuuzia anakasirika ukimuuliza basi jibu umeshapata.

Mke wangu ametoka kwenye hilo grupu lakini anajipima mara nne tano kwa siku na siku namba ikipanda hali chakula. Nimsaidieje bila kumuudhi? (Arusha)

Asante kaka kwa kuuliza, wanaume wachache wananiandikia. Kwanza ujue uzito wa mtu unapanda na kushuka kilo moja mpaka mbili ndani ya siku moja, maji aliyokunywa, chumvi aliyokula, choo, siku zake zikikaribia. Ile namba ya saa tano haimwambii chochote kuhusu mwili wake, ila inaamua kama atakula au hatakula, na hapo ndo panaponitisha. Kaa naye muda mmetulia, sio wakati wa kula, umuombe mzani utoke ndani, umpelekee hata ndugu yenu. Muombe, usimfichie, ukimfichia unakuwa kochi mwingine.

Pili, sahani yake achana nayo. Usimwambie "kula bwana" na usimwambie "leo umekula vizuri". Kaeni mle, ongeeni habari nyingine.

Tatu, na hii ni ya ukoo mzima na majirani. Sisi tuliokua miaka ya tisini tunakumbuka, mtu akipungua tu mtaa ulikuwa unanong'ona kwamba ana ngoma, yaani UKIMWI, watu walikuwa wanajifungia ndani kwa sababu ya mashavu yao. Leo watu walewale wanampokea mama aliyejifungua juzi kwa "heee, umenenepa!" kabla hata ya salamu. Wengi walioingia kwenye haya magrupu ukiwauliza walianzia hapo, kwenye msiba au kitchen party, shangazi mmoja kasema neno mbele za watu. Akija mtu nyumbani kwako akaanza habari za mwili wa mkeo, wewe ndo umkatishe. Usimuachie mkeo hiyo kazi.

Niko Leicester. Miaka miwili nilikuwa kwenye klabu ya hapa, kila kitu nilihesabu pointi. Nimetoka lakini nikishika chapati kichwa kinaanza kuhesabu chenyewe na najisikia mkosaji. Nitawahi kula tu kama mtu? (Dada wa Tanga)

Utakula. Huu mtindo wa klabu una historia, mama mmoja wa Queens, New York, Jean Nidetch, mwaka 1961 alianza kuwaita marafiki zake nyumbani wapeane moyo, mwaka 1963 ikawa kampuni ya Weight Watchers, na tangu hapo dunia nzima watu wanakutana kila wiki wanapima. Ile ya marafiki kukaa kuongea mimi sina ugomvi nayo hata kidogo, na nadhani ndo kitu unachokikosa sasa hivi, kwa hiyo tafuta watu wa kukaa nao hukohuko, ila mkutane kwa jambo lingine, kushona, kwaya, kutembea.

Kuhusu chapati fanya hivi. Chagua siku, pika au nunua, kaa chini, weka na maharage au mchuzi wako, kula moja taratibu ukiwa na mtu. Hesabu itakuja kichwani, iache ipite, usibishane nayo. Halafu rudia baada ya siku tatu, na tena wiki ijayo. Chakula kilichopigwa marufuku miaka miwili kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo, ukikiona kila wiki kwenye meza kinarudi kuwa chapati. Usianze na chapati sita peke yako usiku ukiwa na njaa, ukianza hivyo utaondoka unaamini kwamba klabu walikuwa sahihi.

Nina kisukari, natumia metformini na glibenklamidi. Grupu walinikatisha wanga, sasa nataka kurudi kula. Nianze na nini? (Dodoma)

Anza na kliniki yako, kesho. Sitakupangia chakula hapa. Glibenklamidi inashusha sukari hata kama hujala, kwa hiyo kipindi kile unakatishwa wanga huku unameza dozi ileile ungeweza kuanguka ukapoteza fahamu. Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi au ukichanganyikiwa, kunywa kitu chenye sukari hapohapo, kisha ule. Nenda na karatasi ya vipimo vyako vyote na umwambie daktari ukweli wa ulichokuwa unakula. Na kochi yeyote anayesoma hapa: mtu mwenye kisukari, presha, mimba au figo usimguse.

Nywele zinanyonyoka na sijaona siku zangu miezi minne. Ni detoksi inafanya kazi? (Mwanza)

Hapana. Pima mimba kwanza, halafu nenda hospitali wiki hii. Nywele huwa zinaanza kudondoka miezi miwili mitatu baada ya mwili kunyimwa, na mwili unaokosa chakula unaweza kuzima hedhi.

Binti yangu ana miaka 16, aliingia grupu kwa simu yangu bila mimi kujua. Nimegundua anajitapisha chooni baada ya kula. Baba yake anataka kumchapa. (Mama, Kibaha)

Mama, asichapwe. Ukimchapa ataendelea kujitapisha, tofauti ni kwamba atajificha vizuri zaidi, na wewe utakuwa umepoteza nafasi ya kujua.

Kaa naye peke yenu, mwambie ulichokiona bila kumtishia, mwambie huna hasira, umeogopa. Halafu umpeleke hospitali, na useme waziwazi kwamba anajitapisha, waombe wampime potasiamu na waangalie moyo, manake kujitapisha kunamaliza hizo chumvi kama kuharisha kunavyomaliza, na tindikali ya tumbo inakula meno. Omba pia aonane na mtu wa afya ya akili, kama kituo chenu hawana waombe rufaa, usikubali kurudishwa nyumbani na "ni utoto tu". Akizimia au akilalamika moyo unadunda vibaya, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Nyumbani kula naye, na baada ya kula kaa naye kama saa nzima, mchambue mboga, muangalie tamthilia, chochote. Na kama wewe mwenyewe huwa unasema mbele yake "tumbo langu hili baya", acha kuanzia leo.

Nina mtoto wa miezi mitatu, nanyonyesha. Sheki za kochi nimeacha, lakini nguo hazinitoshi. Naweza kunywa sheki moja tu usiku badala ya chakula? (Temeke)

Hapana mdogo wangu. Anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada, kama kalori 500 kwa siku juu ya alizokuwa anakula zamani, ni kama mlo mdogo wa nyongeza. Kula mtori, uji, samaki, matembele, wali, usiku pia. Nunua gauni mbili za mtumba za saizi yako ya sasa, zile za zamani zifunge kwenye mfuko uziweke juu ya kabati usizione kila asubuhi. Na kama sasa hivi mtoto amelala, nenda kapakue ule kabla hajaamka.