Farasi dhidi ya askofu: usiishie kwenye namba, iache programu icheze mpaka mwisho

Mkuu mleta uzi, umesema programu zako mbili za sataranji (chess) zinapingana kwenye mwisho uleule wa mchezo, wa farasi na askofu, moja inakupa 0.00 (sare) na nyingine +1.4 (mweupe yuko mbele), na unauliza uamini ipi. Nimehangaika na hili miaka kadhaa hapa Moshi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kwa namba peke yake, usiamini hata moja. Namba ni makadirio. Mwisho wa aina hii unaamuliwa na jambo dogo ambalo makadirio hulipita: zamu ni ya nani.

Hilo alinifundisha mzee mmoja tunayecheza naye Jumamosi jioni Majengo. Siku hiyo nilikuja na kompyuta, nikajigamba kwamba programu yangu haishindwi na kitu. Mzee akasogeza kikombe cha kahawa, akapanga kete nne tu. Mfalme mweupe nyumba ya h8 (safu ya h, mstari wa 8), askari wake h7, farasi wake c2. Mfalme mweusi f7, peke yake. "Mweupe anacheza. Anashinda?" Programu, ya zamani kidogo, ikaonyesha ushindi mnono, nami nikajibu ndiyo. Tukacheza. Farasi akazunguka ubao mzima, mfalme mweusi akawa anakwenda f8, anarudi f7, f8, f7. Hakuna kilichotokea. Ni sare.

Kisha mzee akarudisha kila kitu, ila farasi akamweka c3. Farasi e4, mfalme f8, farasi g5, basi. Mfalme mweusi hawezi tena kurudi f7, lazima aondoke mlangoni, mfalme mweupe anatoka, askari anakuwa malkia. Tofauti ni nyumba moja! Farasi kila akiruka hubadilisha rangi ya nyumba, na mfalme mweusi akienda f7 na f8 naye anabadilisha rangi. Kama ni zamu ya mweupe na wawili hao wako kwenye rangi moja, farasi hatafika kwa wakati hata ukimpa mwaka mzima. Weka askofu badala ya farasi: anasogea nyumba moja kwenye mstari uleule, zamu inahamia kwa mwenzake, kazi imekwisha. Askofu anaweza kupoteza zamu. Farasi hawezi. Tangu siku ile, kipimo changu cha kwanza kwa programu yoyote ni hizo kete nne, c2 halafu c3, na majedwali ya mwisho (faili zenye jibu kamili la kila nafasi ya kete chache) yakiwa yamezimwa.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Ili kuokoa muda, programu nyingi hujiuliza hivi: nikimwachia mpinzani acheze mara mbili mfululizo na bado niko vizuri, kuna haja gani ya kulichimba tawi hili? Kwenye michezo mingi hoja hiyo ni sahihi. Lakini kuna hali ambazo kulazimika kucheza ndiko kunakokuua, na hapo hoja inageuka uongo. Kwa kawaida programu huizima njia hiyo ya mkato pale mchezaji anapobaki na mfalme na askari tu. Akiwa na farasi au askofu, inabaki inafanya kazi, na huko ndiko makosa yanakojificha.

Kwa nafasi nzito zaidi natumia mchezo wa 9 wa Karpov na Kasparov, mechi ya ubingwa wa dunia iliyoanza Moscow mwaka 1984. Karpov, mweupe, alikuwa na farasi, Kasparov askofu aliyezibwa na askari wake mwenyewe. Hatua ya 46 Kasparov akala askari kwenye h4. Mkono wa mtu yeyote ungerudishia kwa askari wa g. Karpov akaweka farasi g2, akamwacha ale na wa pili! Mfalme mweupe akarudishia kwenye g3, farasi akatua f4 kwa shaha (akimtishia mfalme mweusi), askari wa h5 akaanguka, mfalme mweupe akapata njia ya kuingia. Hapo usiangalie namba. Angalia farasi g2 inakuwa chaguo la kwanza baada ya muda gani. Programu ya zamani kwenye simu yangu iling'ang'ania kurudishia kwa askari mpaka chaji ikaisha.

Upande wa askofu chukua Fischer na Taimanov, mchezo wa 4, Vancouver 1971, mechi ambayo Fischer alishinda 6 kwa 0. Askofu wa Fischer anambana farasi wa Taimanov mpaka Taimanov anaishiwa hatua salama, kisha anajitoa mwenyewe kwenye g6 ili mfalme wa Fischer akusanye askari upande wa pili.

Sasa angalizo ambalo lilinipotezea wiki nzima. Futa kumbukumbu ya muda ya programu kabla ya kila nafasi. Nilikuwa narudia jaribio, naona jibu linakuja papo hapo, nafurahi, kumbe inakumbuka ilichokokotoa dakika tano zilizopita. Pia iwekee uzi mmoja tu wa prosesa (thread, yaani kazi moja kwa wakati), kwa sababu ukizidisha, majibu hubadilika kutoka jaribio moja hadi jingine na hutajua ulinganishe nini.

Baada ya hapo icheze nafasi ileile yenyewe kwa yenyewe, mara kumi na zaidi, ukibadilisha muda. Hiyo +1.4 yako ikiishia sare kila mara, ujue ni mapambo.

Majedwali ya mwisho yale niliyoyataja, ya aina iitwayo Syzygy, yawe hakimu wa mwisho. Ya kete tano hayafiki GB 1, hata bando la wiki linatosha. Ya kete sita ni karibu GB 150; mimi nilinakili kwa diski ya rafiki. Ya saba ni karibu TB 17, hayo usiyapakue, tovuti ya sataranji ya Lichess inayatoa bure mtandaoni, na kuuliza nafasi moja kwa simu hakuli data.

Tuwekee hapa hiyo nafasi yako, kila askari alipo, na zamu ni ya nani. Umeme ukiwepo leo usiku nitaichezesha, kesho nikuletee matokeo.