Maswali na Majibu: Kujiandaa Kuwa Askari wa Uhifadhi

Kila mara nafasi za askari wa uhifadhi zinapotangazwa, safu hii hupokea maswali ya vijana waliomaliza kidato cha nne, ya wazazi wao, na ya walimu wanaotaka kuwashauri wanafunzi wao vizuri. Leo nimechagua yale yanayohusu mafunzo, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea: wanajiandaa kwa bunduki na mbio, ilhali kazi yenyewe itawadai kalamu, subira na ujirani mwema kabla ya kuwadai silaha.

Swali: Nimemaliza kidato cha nne nikiwa na alama D nne, zikiwemo za Biolojia na Jiografia. Je, niombe Pasiansi au Mweka? (Msomaji, Magu)

Jibu: Kwa mtu anayetaka kuanzia ngazi ya askari, Pasiansi ndiyo njia iliyonyooka zaidi. Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, iliyopo jijini Mwanza, ilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya kuwafundisha askari wa wanyamapori, na hadi leo msisitizo wake ni uhifadhi pamoja na himasheria, yaani usimamizi wa sheria porini. Chuo cha Mweka, kilichopo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro na kilichoanza mwaka 1963, kina ngazi nyingi zaidi, kuanzia cheti hadi shahada, na wengi wanaosoma hapo hulenga kuwa maofisa wahifadhi, watafiti au wasimamizi wa utalii. Ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini ndio kiwango cha kawaida cha kujiunga na ngazi ya cheti, lakini usitegemee maneno ya mtu yeyote, hata yangu: soma mwongozo wa udahili unaotolewa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kwa mwaka unaoomba, kwa sababu masharti ya masomo hubadilika. Kama nia yako ni kutembea porini na si kukaa ofisini, omba Pasiansi kwanza.

Swali: Ni kweli kwamba siku hizi askari wa hifadhi ni wanajeshi? Na chuoni tutafundishwa nini hasa, mbali na kutumia silaha? (Msomaji, Singida)

Jibu: Tanzania iliacha mfumo wa kiraia katika taasisi zake za uhifadhi na kuingia mfumo wa jeshi usu, yaani utumishi wenye vyeo na nidhamu ya kijeshi, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yakaunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu. Ndani yake wamo watumishi wa TANAPA, inayosimamia Hifadhi za Taifa. Wa TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016 na kusimamia mapori ya akiba na mapori tengefu. Wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Na wa TFS kwa upande wa misitu. Kwa hiyo, pamoja na cheti cha chuo, aliyeajiriwa hupelekwa kwenye mafunzo ya kijeshi katika vituo kama Mlele mkoani Katavi na Fort Ikoma huko Serengeti, ambako atajifunza gwaride, utii, vyeo, matumizi ya silaha na kuishi porini kwa vifaa vichache. Yeye si mwanajeshi wa JWTZ, lakini maisha yake ya kazi yana nidhamu ya namna hiyo, na asiyependa kuamrishwa atateseka.

Swali lako la pili ndilo ninalotamani waombaji wote wangeliuliza. Silaha ni sehemu ndogo ya mafunzo. Utajifunza kuzitambua nyayo na vinyesi, kusoma ramani na kutumia kifaa cha GPS, kupanga doria, kuandika taarifa ya doria, ikolojia ya wanyama na mimea, kuzima moto, huduma ya kwanza, na sheria, hasa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Katika haya yote, somo linalodharauliwa sana na wanafunzi ni lile la ushahidi, nami naomba nikae hapo kidogo.

Fikiria askari wawili wanaomkuta mtu usiku akiwa na mfuko wenye vipande vya meno ya tembo. Kumkamata ni kazi ya dakika chache. Kazi inayofuata ni ndefu: kuandika hati ya ukamataji mali papo hapo, kumpa mtuhumiwa nafasi ya kuisoma na kuitia saini, kumpata shahidi huru kama inawezekana, kuviwekea vielelezo alama, kumfikisha mtuhumiwa polisi bila kuchelewa, na kuandika kila mkono uliopokea kielelezo kile kutoka porini hadi chumba cha kuhifadhia vielelezo, kisha kwa ofisa anayetambua na kuthamini nyara, kisha mahakamani. Miezi au miaka baadaye askari huyo ataitwa kizimbani kueleza chini ya kiapo nani alikabidhi nini kwa nani, siku gani. Mahakama ya Rufani imewaachia huru watu katika kesi za nyara za Serikali, yaani meno, ngozi, nyama na sehemu nyingine za wanyamapori, kwa sababu mnyororo huo wa makabidhiano ulikatika. Imewaachia pia wengine kwa sababu nyama ya porini, ambayo huoza na hivyo huteketezwa kwa amri ya hakimu, iliteketezwa bila mtuhumiwa kuwepo na kusikilizwa. Wapo wanaolalamika kwamba majangili wanaachiwa kwa vitu vidogo. Mimi siamini kwamba ni vitu vidogo. Kupatikana na nyara za Serikali mara nyingi huleta kifungo cha miaka 20, na adhabu nzito kiasi hicho haiwezi kusimama juu ya karatasi iliyojazwa ovyo. Askari anayeandika vizuri anamfunga mhalifu wa kweli na anamlinda asiye na hatia, kwa kalamu ileile.

Kwa hiyo, wakati unasubiri kujiunga na chuo, jizoeze kuandika kila jioni aya moja ya kile ulichokiona mchana: saa, mahali, nani alikuwepo, alifanya nini, bila kuongeza maoni yako.

Swali: Nijiandae vipi kimwili? Nakimbia kila asubuhi. (Msomaji, Iringa)

Jibu: Kukimbia kunasaidia katika usaili, kwa sababu waombaji hupimwa mwili na afya. Doria yenyewe, hata hivyo, ni kutembea kwa siku kadhaa ukiwa na mzigo wa chakula, maji, hema na silaha. Badilisha mazoezi yako: tembea mwendo mrefu na begi zito, kwenye jua na kwenye vilima, ukiwa umevaa buti ulizokwishazizoea. Jifunze kuogelea kama una nafasi, kwa kuwa hifadhi kama Rubondo na Saanane ni visiwa vya Ziwa Victoria. Jifunze pia mapema habari za magonjwa ya porini, yakiwemo malaria na malale yanayoenezwa na mbung'o. Kwa aliyeumwa na nyoka, usichane jeraha, usinyonye sumu na usifunge kamba ya kuzuia damu; mtulize, kiungo kisitikisike, na afikishwe hospitali haraka.

Swali: Mimi ni binti wa miaka 20. Baba anasema kazi ya porini si ya wanawake na kwamba nitakosa mume. Nifanye nini? (Msomaji, Mbulu)

Jibu: Mwanangu, taasisi zetu zote za uhifadhi zinaajiri wanawake, na vyuo vinawapokea. Nchi nyingine za Afrika zimekwenda mbali zaidi: huko Kenya, mwaka 2019, jamii ya Wamaasai inayopakana na Amboseli iliunda kikosi cha doria cha wanawake watupu, na Zimbabwe ina kikosi cha wanawake cha Akashinga kilichoanza mwaka 2017. Katika doria, mwanamke anaweza kumpekua mwanamke mwenzake kwa heshima kama sheria inavyotaka, na kijijini akina mama humweleza mambo ambayo hawatamweleza mwanamume mwenye sare.

Usimpinge baba kwa maneno makali. Hofu yake ina sehemu ya kweli: askari hupangiwa kituo cha mbali, huhamishwa, na hukaa wiki nyingi bila kuona familia, awe mume au mke. Mtafute askari mwanamke aliye kazini katika hifadhi iliyo karibu nanyi, kama Ziwa Manyara au Tarangire, umwombe azungumze na wazazi wako wote wawili. Neno la mtu anayeyaishi maisha hayo litampa baba picha ambayo wewe huwezi kumpa bado.

Swali: Nimepigiwa simu na mtu anayesema yuko ofisi ya ajira, na kwamba nikituma fedha nitapewa nafasi ya mafunzo. Nitume? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Usitume hata shilingi moja. Nafasi za Serikali hutangazwa hadharani, maombi hutumwa kwa mfumo wa Ajira Portal au kwa njia itakayoelezwa kwenye tangazo rasmi, na hakuna ada ya kuajiriwa. Hifadhi namba ya mtu huyo, kisha toa taarifa polisi au TAKUKURU. Muda na fedha zako zitumie kukamilisha namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti halisi vya shule, kwa sababu hati za matokeo ya muda kwa kawaida hukataliwa.

Swali: Kijiji chetu kinapakana na hifadhi. Tembo wanakula mahindi yetu, na mjomba wangu aliwahi kukamatwa kwa kuingiza ng'ombe hifadhini. Nikiwa askari, si nitakuwa adui wa ndugu zangu? (Msomaji, Bunda)

Jibu: Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na nadhani kijana anayejiuliza hivi anafaa kwa kazi hii kuliko yule asiyejiuliza kabisa.

Kwanza kuhusu sheria: huwezi kumkamata jirani na kumwacha mjomba. Hilo ukilikubali leo, utapumzika kesho. Lakini kazi ya askari haiishii kwenye mpaka. Idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili, na mtandao wa namna ile hauvunjwi kwa doria pekee; unahitaji taarifa za wanavijiji, na mwanakijiji aliyelala na njaa baada ya shamba kuliwa hana sababu ya kumpa mtu taarifa. Wewe unajua hilo kwa sababu umelala na njaa hiyo.

Jifunze, basi, kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, ambazo huwalipa watu walioharibiwa mazao, waliojeruhiwa au waliofiwa kutokana na wanyama wakali. Malipo hayo si fidia ya thamani yote ya hasara, na malalamiko kuhusu ucheleweshaji ni ya haki. Hata hivyo, wengi hukosa kabisa kwa sababu hawakutoa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji na kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya ili tathmini ifanyike shamba likiwa bado na alama. Askari anayemsaidia mjane kupeleka taarifa hiyo kwa wakati, anayefika usiku tembo wanapoingia, na anayeonyesha namna ya kutumia uzio wa pilipili au mizinga ya nyuki, atasalimiwa kwa jina lake kijijini. Omba kazi.

Swali: Je, nikisoma Tanzania naweza kuajiriwa na KWS? (Msomaji, Voi)

Jibu: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya huwasajili vijana kwanza, kisha huwafunza lenyewe katika chuo chake cha Manyani, si mbali na kwenu. Fuatilia matangazo yake ya usajili badala ya kutumia ada kubwa ng'ambo ya mpaka.

Swali: Nina cheti cha Pasiansi, na mwaka wa pili sasa sijaajiriwa. Nibadilishe fani? (Msomaji, Songea)

Jibu: Usibadilishe bado, ila usikae nyumbani. Mkoani kwenu kuna chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, kinachofundisha askari wa wanyamapori wa vijiji, na jirani yake kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Jamii ya Mbarang'andu, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji vyenyewe, ambayo kama jumuiya nyingine za Ikona na Burunge huhitaji watu wa doria. Malipo huko ni madogo na mara nyingine huchelewa, jambo linalowavunja moyo vijana wazuri na ambalo jumuiya zenyewe zinapaswa kulirekebisha. Hata hivyo, utapata taarifa za doria zenye jina lako, na ofisa atakayekuandikia barua kwa kuwa amekuona ukifanya kazi. Kampuni za uwindaji wa kitalii na za utalii wa picha nazo huajiri walinzi wa maeneo yao. Angalia pia kikomo cha umri kilichotajwa katika matangazo ya jeshi la uhifadhi, upange miaka yako kwa kukizingatia, na kama hujapitia JKT, ulizia nafasi za kujitolea katika ofisi ya wilaya, kwa sababu matangazo mengi huwapa kipaumbele waliopitia mafunzo hayo.