Selihot za siku ya mfungo kwa anayesali peke yake

SWALI: Shalom Rabi. Kazi imenileta mji ambao Myahudi ni mimi tu. Mfungo wa tarehe 17 ya mwezi wetu wa Tamuzi umekaribia. Kitabu changu cha sala kina Selihot za siku hiyo, lakini penye Sifa Kumi na Tatu za Rehema pameandikwa kwamba zisemwe na watu kumi. Niziache Selihot zote?

JIBU: Shalom ndugu yangu. Usiziache. Sehemu kubwa ya Selihot ni mashairi na maombi ya toba, na kumlilia Mungu hakuhitaji akidi. Zuio linahusu zile Sifa zenyewe, za Kutoka 34:6-7.

Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale (Rosh Hashana 17b), Rabi Yohanan anasema kwamba Mungu alijifunika kama msalishaji, akamwonyesha Musa utaratibu wa sala hiyo: kila Israeli wakikosa, wautende mbele zangu nami nitawasamehe. Ni usemi wa kutisha, na yeye mwenyewe alikiri asingethubutu kuutamka kama andiko lisingekuwepo. Ona basi, msalishaji ana watu nyuma yake. Ndiyo maana rabi Rashba wa Barcelona, na baada yake kitabu cha sheria cha Shulhan Aruh (Orah Hayim 565), wakamkataza mtu mmoja kuzisema kama ombi. Ila wakamruhusu kuzisoma kama anavyosoma andiko lolote.

Kwa hiyo zisome kwa mahadhi ya Torati, na aya uifikishe mwisho. Sinagogini tunakatiza kabla ya maneno makali ya kuwapatiliza wana uovu wa baba zao. Wewe unayesoma Torati huna ruhusa hiyo ya kukatiza. Vipande vya Kiaramu viruke. Sababu yake inahusu malaika na ni ndefu.

Tena una bahati ya siku. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria simulizi (Taanit 4:6), inasema 17 Tamuzi ndiyo siku mbao za kwanza za Amri Kumi zilipovunjwa, na somo la mfungo, Kutoka 32:11-14 na 34:1-10, linaanza na Musa akiwaombea waliofanya ndama na kufika penye Sifa hizohizo, zilizotamkwa alipopanda na mbao za pili. Fungua Humashi, kitabu cha Torati, usome somo lote bila baraka zake. Hapo Sifa zitakujia mahali pake, wala hutakuwa umevunja sheria yoyote.

Usikimbize kurasa. Mishna hiyohiyo (Taanit 2:1) inasimulia jinsi mzee alivyowaambia waliofunga kwamba kuhusu Ninawi haikuandikwa Mungu aliona magunia yao na mfungo wao, bali “Mungu akaona matendo yao”. Mashairi mawili unayoyaelewa yanatosha kuliko kumi ya kupitisha macho.

Kuhusu Aneinu, ombi fupi la siku ya mfungo, ambalo hukuuliza lakini utakutana nalo: kwa desturi ya Ashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya), anayesali peke yake hulisema katika sala ya alasiri (Minha) tu, ndani ya baraka ya Shomea Tefila (“Asikiaye sala”).