Pikipiki Ikichoka Mlimani, Ipunguzie Petroli: Ninavyorekebisha Kabureta kwa Safari za Mwinuko Mkubwa

Hivi karibuni nilipokea ujumbe wa msomaji ambaye ameanza kupanda milima kwa pikipiki ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini. Anasema kwamba huku chini pikipiki yake haina tatizo lolote, lakini ikishapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari huanza kumisi, hutoa moshi mweusi na hukataa kupanda resi, na kwamba fundi wake amemshauri afunge jeti kubwa zaidi, yaani kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, ili injini ipate nguvu ya kupandia. Ushauri huohuo niliwahi kupewa mimi, tena kwa dharau, na fundi aliyenicheka mbele ya wateja wake niliposema kwamba nataka jeti ndogo kuliko ile iliyokuwamo. Aliniuliza ni lini nimesikia mtu akimnyima chakula punda anayepanda mlima, na wote waliokuwapo wakacheka naye. Sitaficha kwamba kicheko kile bado kinaniuma, ingawa tangu siku hiyo nimepita njia za juu ya mita 3,000 bila injini kukohoa, tena mara nyingine nikiwapita wenzangu waliosimama pembeni huku wamefungua plagi zilizojaa masizi.

Kinachopungua huko juu ni hewa. Katika usawa wa bahari kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni takriban hektopaskali 1,013. Ukifika mita 3,000 imeshuka hadi karibu 700, na uzito wa hewa iliyomo katika kila lita ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Injini huvuta ujazo uleule wa hewa katika kila mzunguko, lakini hewa hiyo imekuwa nyepesi. Kabureta nayo haipimi uzito wa hewa, bali hutegemea mvuto unaotokea hewa inapopita kwa kasi kwenye koo lake jembamba, kwa hiyo petroli inayonyonywa hupungua, lakini haipungui kwa kiasi kilekile ambacho hewa imepungua. Matokeo yake ni mchanganyiko mzito, wenye petroli nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza. Uwiano kamili wa kuunguza petroli ni karibu sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, na anayeongeza jeti akiwa mlimani anazidi kwenda mbali na uwiano huo.

Jambo moja lieleweke kabla hujagusa bisibisi. Marekebisho haya hayarudishi nguvu yote ya tambarare. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na hakuna jeti inayoweza kuumba hewa ambayo haipo. Utakachopata ni injini inayowaka kwa urahisi, inayoitikia mkono, isiyolowesha plagi na isiyokula petroli bure. Anayetaka pikipiki ipande kwa wepesi zaidi ya hapo afikirie kubadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalozungushwa na mnyororo, aweke yenye meno zaidi kidogo.

Ninapoanza kazi yenyewe, huanza na mambo ambayo wengi huyaruka kwa sababu hayana raha: chujio la hewa liwe safi, choki iwe imerudi kabisa, boya linalosimamia kiasi cha petroli ndani ya kabureta liwe kwenye kimo chake, na plagi iwe nzima. Chujio lililoziba hutoa dalili zilezile za mwinuko, na nimeona watu wakibadilisha jeti kumbe tatizo ni vumbi. Baada ya hapo najiuliza swali moja tu: pikipiki inasumbua mkono wa resi ukiwa wapi? Kabureta ina njia kadhaa za petroli, na kila njia hutawala sehemu yake. Kuanzia sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kupigwa resi, hadi karibu robo ya mkono, jeti ndogo (ile ya mwendo wa chini) na skrubu ya mchanganyiko ndizo zinazoamua. Kuanzia robo hadi robo tatu, ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya tundu la petroli kadiri unavyovuta resi. Kuanzia robo tatu hadi mwisho, ni jeti kubwa (ile kuu). Mtu anayebadilisha jeti kubwa kwa sababu pikipiki haikai sailensa anahangaika na mlango usio wake.

Skrubu ya mchanganyiko ndiyo inayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kuna za aina mbili zinazofanya kazi kinyume. Ikiwa ipo upande wa chujio, hiyo ni skrubu ya hewa, na ukiifungua unaongeza hewa, yaani mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikiwa ipo upande wa injini, mbele ya kile kizibo kinachopanda na kushuka, mara nyingi hiyo ni skrubu ya petroli, na hapo ni lazima uifunge ili mchanganyiko uwe mwepesi. Kabla sijaigeuza, huifunga taratibu nikihesabu mizunguko hadi ncha yake iguse chini, kisha huirudisha palepale na kuiandika idadi hiyo. Nasema iguse tu, kwa sababu ncha ile ni nyembamba kama sindano ya kushonea, na anayeikaza kwa nguvu huiharibu pamoja na tundu lake, na tundu hilo liko kwenye mwili wa kabureta wenyewe. Kisha, injini ikiwa imepata moto kamili, huigeuza robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikisubiri kidogo kila mara, hadi nisikie sailensa imepanda na kutulia, halafu huishusha kwa skrubu yake ya sailensa hadi kiwango cha kawaida. Ikiwa skrubu ya petroli imekaribia kufungwa kabisa na mlio bado ni mzito, jeti ndogo ni kubwa mno kwa mwinuko ule, na inafaa kushushwa namba moja.

Sindano ni rahisi. Juu yake kuna mikato, mara nyingi mitano, na klipu hukaa kwenye mmojawapo. Klipu ikipandishwa mkato mmoja kuelekea juu, sindano hushuka na kuziba zaidi tundu lake, na petroli hupungua. Kwa safari nyingi za kati ya mita 1,500 na 2,500, mkato huo mmoja pamoja na marekebisho ya skrubu hunitosha kabisa, bila kufungua bakuli la kabureta, ile sehemu ya chini inayokaa petroli.

Kwa mwinuko mkubwa zaidi ndipo ninapogusa jeti kubwa. Ikiwa jeti yako ni namba 100, na namba hiyo inahesabu upana wa tundu, yaani milimita 1, basi kwa mita 2,000 tarajia kushuka hadi karibu 95, na kwa mita 3,000 hadi karibu 92, ikiwa ile ya mwanzo ilikuwa sahihi katika usawa wa bahari. Angalia vizuri, kwa sababu watengenezaji wengine huhesabu kiasi cha petroli kinachopita badala ya upana wa tundu, na namba za aina hizo mbili hazilinganishwi. Shuka hatua moja, ijaribu barabarani, kisha uamue. Bisibisi iwe na upana unaoujaza mfereji wa jeti, maana shaba ile ni laini, na usipitishe waya kwenye tundu hata kama unadhani limeziba.

Hakikisho la mwisho hutoka kwenye plagi. Katika barabara tupu, panda kilima kwa resi kamili kwa muda, kisha zima injini na ushike klachi kwa wakati mmoja, simama, uifungue plagi. Masizi meusi makavu yanasema petroli bado ni nyingi. Kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Weupe wa chokaa ni hatari, na hapo rudisha jeti kubwa zaidi kabla ya kuendelea.

Kuna wanaoniambia kwamba wao hutoa tu chujio la hewa wakifika juu, na pikipiki inakwenda. Inakwenda, ndiyo, huku ikimeza vumbi la mlima moja kwa moja hadi kwenye ringi na silinda. Ndugu zangu, tuache uvivu huu! Mtu anatumia miezi kupanga safari, halafu anakosa nusu saa ya kupandisha klipu. Andika mwinuko, namba za jeti, mkato wa klipu na mizunguko ya skrubu, kila mara, hata kama unajiamini.

Daftari hilo lina kazi kubwa zaidi wakati wa kushuka. Hewa hurudi kuwa nzito, na jeti iliyokuwa sahihi kwa mita 3,000 huwa ndogo mno kwa mita 500. Mchanganyiko mwepesi hupandisha joto, huleta kugonga ndani ya silinda, na unaweza kutoboa pistoni. Kwenye injini ya mipigo miwili hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mara nyingi oili nayo hupita pamoja na petroli, na ukipunguza moja umepunguza zote mbili. Kwa hiyo jeti za tambarare husafiri nami ndani ya kichupa kidogo chenye kifuniko, na ninaposhuka chini ya mita 1,500 hivi nasimama kivulini, naacha kabureta ipoe, nafunga bomba la petroli, namwaga iliyomo kwenye bakuli, kisha narudisha jeti na klipu mahali pake kabla ya kupiga resi ndefu ya tambarare.